Siku Tuliyozima Karasha

Mwanangu Mayunga,

Begi lako umelifunga mwenyewe, nami sitalifungua kuangalia ulichosahau. Habari za kula, za kufua, za kutokuweka simu karibu na dirisha la basi, mama yako mdogo amekwambia tangu juzi na nadhani zimekutosha. Mimi nina jambo moja tu, lile ambalo wewe na mimi tumekuwa tukilikwepa wiki zote hizi. Umekwenda kuaga wenzako, jua bado halijazama, na leo sikuwasha karasha, mashine yetu ya kusaga mawe ya dhahabu. Nimeona niandike, maana kwa mdomo nimeshindwa. Kila nikianza, unainuka kwenda kuchota maji.

Kusema kweli, bado sijakaa sawa. Nikimenya viazi, mikono inasimama yenyewe. Mtu akigonga mlango nashtuka mpaka kisu kinaanguka. Watu wa hapa kambini kwa wachimbaji wananiambia itapita. Labda. Kwa sasa haijapita, na wewe unaondoka kesho ukiwa na mshtuko wako mwenyewe ambao hutaki niuone.

Ngoja nianzie ulikoanzia wewe. Chuo kilipokukubali, kilisema kila mwanafunzi mpya wa filamu za katuni aje na mpango wa filamu fupi ya habari za kweli, kuhusu vita vya zamani. Nilidhani utachagua vita vya huku kwetu. Ukachagua Konstantinopoli, mji ambao leo unaitwa Istanbul, ulipozingirwa na Waturuki mwaka 1453. Nikakuuliza, "Sasa hao Waturuki na sisi wa Kharumwa tunahusiana nini?"

Ukacheka. Ukasema, "Mama, chini ya ukuta wa mji ule kulikuwa na wachimbaji. Watu kama wa hapa."

Ukanieleza ukiwa umekaa juu ya kiroba cha mawe ya wateja. Ukuta wa mji ulikuwa mnene. Mizinga inaubomoa mchana, wenyeji wanauziba usiku. Basi mfalme wa Waturuki akaleta wachimbaji wa madini ya fedha kutoka Serbia, watu waliozoea kufanya kazi chini, wakachimba njia za kupita chini ya ukuta. Wenyeji nao wakachimba kutoka ndani kuwafuata. Huku kwetu maduara mawili, yaani mashimo ya kuchimbia, yakikutana chini tunaita mtobozano, na unajua watu wanavyotoana macho kugombea mwamba wenye dhahabu. Kule walikutana kwa moto, na moshi, na visu gizani. Ukaniambia pia inasemekana walinzi waliweka mabakuli ya maji ardhini kando ya ukuta. Maji yakitikisika, wanajua chini yake kuna mtu anachimba. Hapo ndipo macho yako yalipong'aa. Ulisema filamu nzima itaanza na bakuli.

Ukaanza kuufinyanga mji ule kwa udongo wa kichuguu, nyuma ya banda la karasha. Ukuta, minara, wanajeshi warefu kama kidole. Unamsogeza mmoja kidogo, unapiga picha kwa simu, unamsogeza tena, unapiga tena, na jioni unanionyesha mtu anatembea kwa muda wa kupiga chafya. Nilikusema sana. Nilisema kijana mzima anachezea udongo kama mtoto wa chekechea. Siku moja wateja walikosa pa kuweka viroba, nikausukuma ukuta wako kwa mguu, upande mmoja ukabomoka. Uliutengeneza, ukaniambia sasa upande ule unafanana zaidi na ukuta uliopigwa mizinga.

Sikuelezi haya ili nijitetee, lakini ujue nilikotoka. Baba yako alipohamia Chunya na kuanza nyumba nyingine, nilikuwa napepeta marudio, yale mabaki ya mchanga ambayo wenzangu wameshakamua, kwa beseni la plastiki, wewe mgongoni. Kutoka pale mpaka kuwa mwanamke mwenye karasha yake ya kusagia mawe, hakuna aliyenishika mkono. Ngurumo ya mashine ile ndiyo ilikuwa usingizi wangu. Hata wewe ulipokuwa mdogo, ikizimwa ulikuwa unaamka unalia. Sikio langu likajifunza kitu kimoja: ikinguruma tunakula, ikinyamaza kuna tatizo. Sikujua kwamba sikio linaweza kujifunza jambo moja vizuri hivyo mpaka likakataa mengine yote.

Siku yenyewe unaikumbuka, lakini hujawahi kuisikia kwangu.

Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, kisha asubuhi ile jua likatoka. Ulichukua bakuli ukaenda kwenye lile duara la zamani nyuma ya uwanja wetu, lililofungwa kabla hatujahamia hapa. Ukaliweka juu ya gogo la mdomoni, lile lililoungana na matimba, ile miti inayoshikilia kuta za shimo mpaka chini. Ulitaka kupiga picha ya maji yakitikisika. Ndani ya pipa la karasha nilikuwa nasaga mawe ya Kulwa, yule mteja wa kutoka Geita asiyemwamini mtu. Alikuwa amesimama pembeni, amekunja mikono, anahakikisha siibi hata vumbi.

Ukaja ukasema, "Mama, maji yanatikisika."

"Si karasha hiyo."

"Karasha haipumziki, mama. Hii inapumzika. Inagonga, inanyamaza, inagonga tena."

"Ni jiwe kubwa linageuka ndani ya pipa. Nenda."

Ukaenda, ukarudi. Hukupandisha sauti. Ukasema, "Naomba uzime kidogo tu, nisikie."

Kulwa akadakia. "Mama Mayunga, ukizima katikati dhahabu yangu ikanasa humo, nitamdai nani?"

Nami nikawa upande wa Kulwa. Nilikwambia mbele ya watu kwamba filamu yako haimlishi mtu hapa, na kwamba ukitaka kimya uhamie makaburini. Neno hilo nililisema kwa mdomo wangu huu. Wale vijana wa kubeba mawe walicheka.

Mara ya tatu hukuja. Ulikaa juu ya gogo, umeweka kiganja juu yake, umetulia, uso umekupauka. Nilikuangalia kutoka bandani na hasira zikanipanda, kwamba unanifanyia maonyesho mbele ya wateja. Nikazima. Nataka ulijue hilo vizuri, kwa sababu watu wanavyosimulia huku kambini wanasema Mama Mayunga alichezwa na machale. Hakuna machale yaliyonicheza. Nilizima ili ukose la kusema. Nilizima ili nikuaibishe.

Ngurumo ilipokatika masikio yalibaki yanavuma. Nikaja mpaka kwenye gogo na maneno yangu tayari mdomoni. Ukanishika mkono, ukaulaza juu ya mti.

Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo.

Mayunga, nilikaa kwenye tope. Duara lile halikuwa na mtu. Lilikuwa limefungwa miaka. Na mti ulikuwa unanigonga kiganjani kama mgeni aliye mlangoni.

Aliyekimbia kuita watu ni Kulwa. Huyo huyo Kulwa. Aliacha mawe yake ndani ya pipa akakimbia na viatu vyake vya mjini mpaka kwa msimamizi wa machimbo, akarudi na watu na kamba na ndoo. Ndipo tukajua, kidogo kidogo, kilichotokea. Vijana watatu walikuwa wameingia siku iliyotangulia kupitia tundu la upande wa shamba la mihogo, wakifuata mwamba ulioachwa, bila kumwambia mtu. Mvua ikaangusha udongo nyuma yao. Wenzao walidhani wamekwenda Geita.

Msimamizi alikuja akaweka sikio kwenye gogo, akainuka, akakuangalia. "Dogo, ulijuaje?"

Ukaonyesha bakuli.

"Basi usiondoke hapa. Tutafutie wapo upande gani."

Nilikuona ukilihamisha lile bakuli, hatua hapa, hatua pale, unapiga magoti, unasubiri, unatikisa kichwa, unahama. Watu wazima wenye chepe mkononi wamesimama nyuma yako wamebana pumzi. Ulipoinua mkono, wakaanza kuchimba pale. Karasha zote za kambi zilizimwa. Tangu tuhamie hapa sikuwahi kusikia kambi ikinyamaza mchana. Nilisikia kuku. Nilisikia mtu akikohoa ng'ambo ya barabara. Nikajiuliza ni mambo mangapi yamekuwa yakisemwa kandokando yangu miaka yote hii.

Kesho yake, jua likiwa juu, wakatoka wawili wao, Dotto na Masele, wamejaa tope mpaka kwenye kope. Akina mama wakaanza vigelegele. Tulidhani wa tatu anafuata kwa miguu yake. Huyo wa tatu, Shija, alipandishwa kwa kamba akiwa amefungwa kwenye turubai. Vigelegele vilikatika. Wewe ulikuwa karibu kuliko mimi. Uliona vidole vyake vya mkono wa kulia vikiwa bado vimefumbata kipande cha nondo. Mimi niliona uso wako tu, na nikajua umeona kitu ambacho sitaweza kukufutia machoni.

Siku ile ile nilikukuta bandani umekaa katikati ya udongo. Mji wote ulikuwa umeuvunja, ukuta, minara, wanajeshi. Sikukuuliza. Ukasema mwenyewe, bila kuniangalia:

"Mama, wale wa kwenye ukuta walisikiliza hivi hivi. Wakishasikia wanachimba mpaka walipo wenzao, wanawachoma moto. Na mimi pale nilikuwa nimepanga watu washangilie."

Nilikufagilia udongo, ndicho nilichoweza. Tangu hapo umesema vita hutaki hata kuvisikia, utawapelekea filamu ya ndege wanaohama. Kwa siku kadhaa ulisema hata chuo chenyewe huendi.

Sikuandikii ili nikurudishe kwenye vita vyako. Ndege ni wazuri, na filamu ni yako. Naandika kwa sababu kuna kitu nilikuficha.

Nilikwenda kumwona Dotto kituo cha afya. Nilipeleka uji. Alikuwa amelala anaangalia dari, nikadhani hataki maneno, kumbe alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia. Akasema, "Mama Mayunga, tulikuwa tunagonga na ile ngurumo iko juu yetu, haikomi. Mimi nilishakata tamaa. Masele alikuwa analia. Shija mguu umebanwa na jiwe, lakini nondo alikuwa nayo yeye, na hakukubali kutuachia sisi tugonge. Mara ngurumo ikakatika. Tukanyamaza wote. Shija akasema, 'Wametusikia.' Baada ya hapo hakuongea tena sana. Alikuwa anagonga tu, ili msitupoteze."

Nilitoka pale sikumbuki nilifikaje nyumbani. Bodaboda aliniuliza tunakwenda wapi, nikashindwa kumwambia. Kwa sababu ngurumo ile ilikuwa yangu. Kama ingekatika ulipokuja mara ya kwanza, au mara ya pili, sijui. Mganga wa pale alisema ni ule mguu, na damu iliyopotea, na kwamba hakuna anayeweza kusema muda ule ulikuwa na maana gani. Nimejaribu kulipokea hilo kama mtu anavyopokea dawa. Linagoma kooni.

Nilikuficha kwa sababu niliogopa utanitazama vibaya. Halafu mama yako mdogo akaniambia ulichomwambia, kwamba ulipaswa kuuvuta ule waya wa mafuta wa kuzimia mashine mwenyewe, usisubiri ruhusa yangu, na kwamba hulali kwa ajili hiyo. Nikashtuka upya. Nilikuwa nimejifungia na kitu changu, kumbe na wewe umejifungia na kitu hicho hicho chumba cha pili, tumegawana ukuta tu.

Kwa hiyo nisikilize. Wewe ulisikia. Ulikuja ukasema, ukarudi ukasema tena, na uliponyamazishwa hukuondoka. Aliyechelewa ni mimi. Hicho ni changu, usikichukue kwenda nacho Dar es Salaam. Nitakibeba mwenyewe hapa hapa nilipokiokota.

Utauliza nimejifunza nini. Watu wanapenda kuuliza hivyo baada ya msiba, na mimi majibu makubwa sina. Nimejifunza kidogo sana: mtu akija kukwambia jambo mara ya pili, na sauti yake haijapanda, simama umsikilize. Mwenye kelele anaweza kuwa anataka ushindi. Yule anayerudi kwa upole ana kitu alichokiona. Nimeishi miaka yangu nikiwageukia wenye kelele, kwa sababu kwenye karasha ndio pekee ninaowasikia.

Na kuhusu wale Waserbia wako. Uliniambia vitabu ulivyosoma havitaji majina yao, vinasema tu wachimbaji. Sikuwajali uliponisimulia. Sasa nikifumba macho nawaona. Nawaza mmoja amepiga magoti kwenye shimo, taa yake ndogo, anasikia ukuta wa udongo mbele yake unagongwa kutoka upande wa pili, na kwa muda mfupi anadhani ni mwenzake amekuja. Sijui kama ilitokea hivyo. Wewe ndiye unayesoma. Lakini picha hiyo imenikaa kichwani na sijui nitaipeleka wapi, ndiyo maana nakupa.

Sasa la leo, ambalo hulijui kabisa.

Mchana ulipokwenda stendi kukata tiketi, alikuja mwanamke mmoja ameshika mfuko mtupu wa rambo. Akasimama mlangoni, akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu." Nikaitikia, nikamkaribisha kiti. Hakukaa. Akasema, "Mimi ndiye mama yake Shija. Nimekuja kuchukua nguo zake huko walikokuwa wanalala. Nimeambiwa nyumba yenye karasha ndiyo hii."

Nilimwekea maji, nikamwomba akae, akakaa. Kisha nikamwambia yote, Mayunga. Bakuli, na wewe kuja na kurudi, na Kulwa, na neno langu la makaburini, na kwamba nilizima kwa hasira. Sikumpunguzia. Nilijua anaweza kunilaani, na ningekubali. Alisikiliza akiwa ameinamia mikono yake. Nilipofika kwenye maneno ya Dotto akainua kichwa.

"Rudia hapo."

"Alisema, wametusikia."

"Kwa sauti gani?"

"Dotto anasema ilikuwa kama ya mtu anayecheka."

Hakuniambia amenisamehe, wala hakunilaumu. Alikunywa maji, nikamsindikiza walikokuwa wanalala vijana, akapanga nguo za mwanawe ndani ya mfuko, suruali mbili na shati na redio ndogo, na aliposimama kuondoka akauliza:

"Huyo kijana wako anasafiri lini?"

"Kesho asubuhi."

"Basi lake linapita Tinde?"

"Linapita."

"Nakaa pale pale barabarani. Mwambie nitakuwepo. Nataka nimwone tu."

Nilimwambia utakuwa umevaa shati la kijani. Basi livae. Najua moyo wako utakwambia ubaki kwenye kiti, ujifanye umelala, kwamba huna la kumwambia mama yule. Hahitaji umwambie kitu. Kila mtu amekuwa akimwambia kitu. Basi likisimama Tinde, shuka, mwamkie, na mwache akutazame mpaka atosheke. Dereva akipiga honi, mwache apige.

Mama yako.